Mwaka 1956 Ukisomwa Kutoka Chunya: Miaka 70 ya Chuo cha Ardhi

Mwaka 1956 yalitokea mambo matatu ambayo wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyataja kwa pamoja. Mgulani, Dar es Salaam, mahali panapojulikana leo kwa kambi ya Jeshi la Wokovu, serikali ya kikoloni ilifungua shule ndogo ya kufundisha mafundi wa upimaji ardhi. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya mipango ya miji na vijiji, maarufu kama Sura ya 378, ambayo maofisa ardhi wa Tanganyika, na baadaye Tanzania, waliishika mkononi kwa nusu karne. Na huku kusini, kwenye machimbo ya Lupa wilayani Chunya, mgodi wa New Saza uliokuwa ukitoa dhahabu tangu 1939 ukafunga kazi. Shule ile ya Mgulani ndiyo leo Chuo Kikuu Ardhi, na mwaka 2026 inatimiza miaka 70. Kumbukumbu za namna hii huandikwa kwa kawaida kutoka ukumbi wa mahafali, zikiwa na orodha ya wakuu wa chuo na majengo yaliyoongezeka. Hii inaandikwa macho yakiwa Chunya, kwa sababu jambo ninalotaka kulitetea huonekana vizuri zaidi mtu akikaa mbali na Dar es Salaam. Nasema kwamba katika tarehe zote za chuo hiki, iliyo nzito kuliko zote ni ile isiyopigiwa ngoma sana: 1 Julai 1996, siku kilipofanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa mlango huo masomo ya uzamili katika mipangomiji na mikoa yakapata makao nchini.

Tarehe nyingine zinajulikana. Mwaka 1958 shule ilihamishwa kutoka Mgulani hadi kilima cha Observation, jirani na pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuja kujengwa. Hadi leo wakazi na makondakta wa daladala huliita eneo lile Survey, jina ambalo limedumu kuliko shule yenyewe. Mwaka 1972 ikapandishwa kuwa Chuo cha Ardhi chini ya wizara ya ardhi, ikaanza kutoa stashahada za juu, upangaji wa miji na vijiji ukiwa mmojawapo wa masomo yake. Tarehe 28 Machi 2007 ikawa chuo kikuu kamili. Ukiziweka tarehe hizi kando ya vitabu vya sheria, kuna jambo linajitokeza. Shule ya 1956 ilizaliwa pamoja na Sura ya 378. Chuo kikuu cha 2007 kilizaliwa mwaka mmoja na sheria tatu zilizofuatana kwa namba: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, namba 6, Sheria ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, namba 7, na Sheria ya Mipangomiji, namba 8, ambayo ndiyo iliyoizika Sura ya 378. Serikali ikitunga sheria huhitaji mikono ya kuitekeleza, na chuo hiki kilikuwa kiwanda cha mikono hiyo. Hakuna aibu katika hilo. Nchi iliyopata uhuru ikiwa na wapimaji na wapangaji wazalendo wa kuhesabika ilihitaji mikono kwanza. Lakini mkono hauulizi.

Mwaka 1972 unaonyesha hatari ya kuwa mkono tu. Mwaka huohuo chuo kilipopewa hadhi mpya, serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, uliobuniwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, na mabaraza ya miji yakavunjwa. Fikiria: nchi inaanza kusomesha wapangamiji wake kwa kiwango cha stashahada ya juu, na wakati huohuo inafuta mamlaka za miji ambazo ndizo zingewaajiri na kuwasikiliza. Mabaraza yalirudishwa mwaka 1978, baada ya mifereji kuziba na barabara za mitaa kuharibika kiasi cha kumshtua kila mtu. Wakati huo kazi ya kufikiri, yaani kuamua mji uelekee wapi na mkoa ujiendeshe kwa kitu gani, ilikuwa mikononi mwa wageni. Mpango kabambe wa Dar es Salaam wa 1949 uliandikwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza. Ule wa 1968 na kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada. Ule wa 1979 na kampuni nyingine ya Kanada, Marshall Macklin Monaghan. Dodoma, baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu huko, nayo ilichorewa na Project Planning Associates. Mikoa iligawiwa wafadhili, Tanga kwa Wajerumani na Rukwa kwa Wanorwe, kila mmoja akaandika mpango wa maendeleo wa mkoa kwa mtindo wa kwao. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, wa 1969 hadi 1974, ulichagua miji tisa ya kuwa vitovu vya ukuaji ili Dar es Salaam isimeze kila kitu. Mbeya ilikuwamo. Kuhusu Chunya, mji wa dhahabu uliokuwa ukinywea kilomita 72 kaskazini yake, nyuma ya milima, hapakuwa na neno. Mhitimu wa Chuo cha Ardhi aliyeajiriwa katika ofisi ya mkoa alikuta mawazo yamekwisha kuwazwa. Yeye alipewa kalamu, rula na mchoro wa kujaza.

Ndiyo maana nautazama mwaka 1996 kwa jicho jingine. Stashahada ya juu ilimfundisha mwanafunzi namna ya kupanga. Shahada ya uzamili, ikifundishwa kama inavyopaswa, humtaka aeleze kwa ushahidi kwa nini kilichopangwa hakikuwa. Haya ni maswali mawili tofauti, na chuo kinachotoa jibu la kwanza pekee kitaendelea kulitoa hata pale kila kiwanja cha mji kinapokipinga. Kufikia miaka ya 1990 viwanja vilikuwa vinapinga kwa sauti kubwa. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam waliishi nje ya michoro, na lugha rasmi ilikuwa na neno moja tu la kuwaelezea: makazi holela. Walimu wa chuo walianza kulichunguza neno hilo. J. M. Lusugga Kironde aliandika tasnifu ya uzamivu Nairobi akifuatilia matumizi ya ardhi ya Dar es Salaam kuanzia 1890 hadi 1990. Wilbard Kombe alikwenda Dortmund, Ujerumani, lakini akaandika juu ya namna ardhi ya Dar es Salaam inavyogawiwa kwa njia rasmi na zisizo rasmi. Tumsifu Nnkya na Fred Lerise walisomea Copenhagen, mmoja akaichunguza Moshi mjini na mwingine kijiji cha Chekereni, palipo na ugomvi wa ardhi na maji ya mto. Mwaka 2000 Kombe na mwalimu wake Volker Kreibich walichapisha kitabu juu ya usimamizi wa ardhi usio rasmi Tanzania, na hoja yake, nikiifupisha kwa maneno yangu, ni kwamba kile tunachokiita holela kina utaratibu. Kiwanja kinauzwa mbele ya mjumbe na majirani. Mpaka ni mnyaa au mgomba unaotambuliwa na pande zote mbili. Karatasi ya mauziano inaandikwa kwa mkono, inasainiwa na mashahidi, inagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na mahali pengi asilimia fulani inabaki ofisini hapo. Mfumo huo una wadhamini, una kumbukumbu na una adhabu. Unachokosa ni barabara ya kupitisha gari la zimamoto.

Jambo hilo leo linaonekana la kawaida, karibu la kuchosha, kwa sababu limekwisha kuingia katika sera. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, sheria za ardhi namba 4 na 5 za 1999, sera ya makazi ya 2000, na baadaye urasimishaji tunaousikia kila halmashauri, zote zimekubali kwamba mtu aliyejenga kabla ya mchoro ana haki ya kusikilizwa kabla ya tingatinga. Sidai kwamba darasa la uzamili ndilo lililoleta hayo. Tume ya Rais ya Masuala ya Ardhi chini ya Profesa Issa Shivji ilikwisha kufanya kazi yake mwaka 1991 na 1992, na wananchi wenyewe walikuwa wamejenga bila kungoja ruhusa ya tasnifu ya mtu. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani kinathibitika: kwamba ilihitajika taasisi ya ndani inayoweza kuyasema hayo kwa lugha ya kitaalamu mbele ya wizara ile iliyokuwa ikiimiliki. Mpaka 1996 chuo kilikuwa chini ya wizara ya ardhi. Mtumishi wa wizara hawezi kwa raha kuandika kwamba sheria ya wizara imeshindwa. Mwalimu wa chuo kikuu anaweza, na mwanafunzi wake wa uzamili analazimika, maana mtahini atamuuliza. Hanna Nassif, Kinondoni, ambako miaka ya 1990 wakazi walichimba na kujenga mifereji yao wenyewe kwa msaada wa kitaalamu wa walimu hao, ni mfano wa jinsi swali lililoulizwa darasani lilivyopata jibu lenye zege na mawe.

Msomaji mwenye kumbukumbu atanipinga hapa. Atasema utafiti haukuanza 1996. Kituo cha Masomo ya Nyumba kilikuwapo chuoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Waholanzi, na tasnifu nilizozitaja ziliandikwa kabla au karibu na mwaka huo, tena nje ya nchi. Ataongeza kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na masomo ya uzamili ya mipango zamani sana, kwani Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha idara yake mwaka 1971. Yote ni kweli, na yananisaidia zaidi ya kunidhuru. Kabla ya 1996 maarifa yale yalikuwa mali ya mtu mmoja mmoja aliyepata bahati ya tiketi ya ndege. Alirudi na tasnifu yake, akaikuta idara inafundisha stashahada kwa mtaala wa kuchora, akaiweka kabatini. Ngazi ya uzamili ilipofunguliwa nyumbani alipata wanafunzi wa kumuuliza, wanafunzi waliotoka halmashauri zenye migogoro na watakaorudi hukohuko. Hata ule mpango wa Dortmund uitwao SPRING, ulioanza mwaka 1984 na kuwapeleka wanafunzi mwaka wa pili katika vyuo vya nchi zinazoendelea, ulikuja kuifanya Dar es Salaam mojawapo ya vituo vyake, na wageni wakaanza kuja Observation kusoma kutoka kwa walimu wa hapa. Nairobi ilitangulia, nayo haihitaji kupunguziwa sifa. Ila mpangaji hujifunza sheria ya ardhi anayoikanyaga, na sheria ya Kenya, yenye ardhi inayomilikiwa moja kwa moja na mtu binafsi, haifanani na ya Tanzania ambako ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais na raia anapewa haki ya kuitumia kwa muda.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo husikika sana ngazi ya wilaya. Halmashauri haihitaji wasomi wa uzamili, linasema. Inahitaji wapimaji, mafundi wa michoro na gari lenye mafuta. Serikali ina vyuo vya Tabora na Morogoro vinavyotoa mafundi wa ardhi, na mwenye shahada mbili akipelekwa wilayani atakaa miezi sita aombe uhamisho. Hoja hii ina ukweli mchungu ndani yake, na sitaki kuipita kwa maneno matamu. Lakini ichukue uipeleke Chunya uone inavyofika mahali ikagota.

Chunya ni mji uliozaliwa na dhahabu. Dhahabu ya Lupa ilijulikana mwanzoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 ikavuta wachimbaji Wazungu waliotoka Afrika Kusini na Kenya pamoja na maelfu ya vibarua Waafrika, kiasi kwamba serikali ya Tanganyika ilitangaza eneo zima kuwa la udhibiti maalumu. Dhahabu ikapungua, Saza ikafunga, mji ukabaki na boma. Miaka ya karibuni kila kitu kimegeuka. Barabara ya lami kutoka Mbeya imepanda milima na kushuka hadi mjini na kuendelea Makongolosi. Mgodi wa New Luika ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012 katika eneo ambalo baadaye limekuwa Wilaya ya Songwe, na wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Chunya, ikaenda na Saza pia kwenye mkoa mpya wa Songwe mwaka 2016. Masoko ya madini yalipofunguliwa nchini mwaka 2019, Chunya ikawa miongoni mwa yale yanayotajwa, na wachimbaji wadogo wakamiminika Itumbi, Matundasi, Makongolosi na kila penye fununu ya mwamba mpya. Mtu anayechora kiwanja hapo anakuta ardhi ambayo uso wake na tumbo lake vina wenyewe tofauti.

Tazama duara moja. Ni shimo la kwenda chini, mdomo wake haufiki mita mbili kwa upana, kuta zake zimezuiwa kwa matimba, magogo yaliyopangwa pembe kwa pembe kama zizi lililozamishwa ardhini. Juu kuna winchi na kamba, pembeni viroba vya mawe vimehesabiwa kwa mafungu: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, la wachimbaji, na pengine la mwenye shamba. Hatua chache kutoka hapo karasha linasaga mawe na vumbi lake linatua juu ya bati la banda la chipsi. Banda limejengwa kwa mbao na mabati ya kufungua na kufungasha, maana rashi, yaani mmiminiko wa wachimbaji, ikihama, banda nalo linahama. Sasa mlete fundi wa michoro. Atapima, ataweka bikoni, atarudi ofisini na mchoro wenye rangi zake, ya makazi, ya biashara, ya viwanda vidogo. Mchoro utakuwa sahihi kwa sentimita. Hautasema kwamba leseni ya mchimbaji mdogo wa dhahabu, ambayo kwa Sheria ya Madini ya 2010 huweza kufika hekta 10, inadumu miaka saba na kuhuishwa. Kwamba hati ya kiwanja juu ya ardhi hiyohiyo inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kwamba hakimiliki ya kimila ya mkulima wa tumbaku wa kijiji jirani haina mwisho wa muda. Kwamba mpango kabambe wa mji kwa kawaida hulenga miaka 20. Na kwamba duara lenyewe huenda likaisha baada ya masika mawili. Saa tano tofauti zinagonga juu ya kipande kimoja cha ardhi, na mafunzo ya ufundi humpa mtu kipimo cha nafasi pekee.

Kuzipatanisha saa hizo ni kazi ya uzamili, nasema bila kusita. Inahitaji mtu anayeweza kusoma sheria ya madini na sheria ya ardhi kwa wakati mmoja na kuona zinapogongana, anayejua kwamba mwenye leseni anatakiwa kupata ridhaa ya mwenye ardhi kabla ya kuchimba karibu na nyumba, na anayeweza kukaa na wenye maduara kwa wiki kadhaa akaelewa ule mgao wa viroba kama Kombe alivyouelewa ushahidi wa wajumbe Dar es Salaam. Mgao wa viroba nao ni usimamizi wa ardhi. Unaamua nani akae wapi, kwa muda gani, na nani alipwe akihamishwa. Mpangaji asiyeujua atachora soko mahali ambapo mwakani patakuwa shimo, au atazuia kwa miaka 20 eneo ambalo mwamba wake umekwisha na lingefaa shule.

Wapo watakaosema huu ni upotezaji wa kalamu. Miji ya dhahabu hupita, kwa nini ipangwe? Iache ichipuke, iache ife. Historia ya hapahapa inawajibu. Saza ilifungwa 1956 na Chunya haikufa. Mgodi uliondoka, mahakama, hospitali, shule na boma vikabaki, na vikaendelea kuhudumia wilaya ambayo kwa sensa ya 2012, kabla ya kumegwa, ilikuwa na watu 290,478. Geita nayo ilianza kama machimbo ya kikoloni, ikanyamaza, na mwaka 2012 ikawa mkoa. Kinachopita ni rashi moja moja. Mji unaozilisha rashi hizo maji, dawa na nondo hubaki, na ndio huo unaokua bila mtu kuupa maana. Nakubali kwamba kambi ya mabati ya miezi minane haihitaji mpango kabambe. Inahitaji kitu ambacho sheria yetu haina jina lake bado: mpango mwepesi wa muda, wenye choo, njia ya gari, umbali kati ya karasha na kisima, na tarehe ya kufutwa. Mtu wa kuubuni mpango wa namna hiyo hatatoka kwenye kozi ya michoro.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wenye uzoefu, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mipango haishindwi kwa kukosa maarifa, wanasema. Inashindwa kwa kukosa fedha na kwa siasa. Tasnifu mia zikiandikwa, fidia haitalipwa bila fungu, na diwani atagawa eneo la wazi uchaguzi ukikaribia. Nnkya alikipa kitabu chake jina la swali, akiuliza kwa nini upangaji haufanyi kazi, na kisa chake cha Moshi kinaonyesha mchoro uliotandazwa juu ya mashamba ya watu wenye haki zao, kisha miaka ya mvutano. Fedha zilikuwa sehemu ya tatizo hilo. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba wapangaji waliiona ardhi ile kuwa tupu kwa kuwa mchoro ulikuwa mweupe. Hapo maarifa yana bei ya shilingi, kwa maana fidia iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kosa lililoweza kuonekana mapema. Kuhusu tasnifu zinazolala maktabani, hoja inasimama, na chuo kinapaswa kuibeba. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mwenyekiti wa kijiji cha Matundasi hataisoma, na hakuna sababu ya kitaaluma inayozuia muhtasari wa kurasa 10 kwa Kiswahili uliofungwa nyuma ya kila nakala na kupelekwa halmashauri husika.

Lawama yangu kwa chuo iko mahali pengine. Katika nyaraka za awali idara iliitwa ya mipango ya miji na vijiji. Baadaye ikawa ya miji na mikoa. Jina lilipanuka, macho hayakupanuka kwa kasi ileile. Kazi zilizokijengea chuo heshima zilihusu Dar es Salaam, na zilipotoka nje ya Dar es Salaam zilikwenda Kilimanjaro. Ulipokuja utaratibu wa kusimamia mazingira ya miji kwa ushirikishaji, ulioanzia Dar es Salaam mwaka 1992 na kusambazwa katika miji mingine ikiwamo Mbeya na Iringa, nusu ya pili ya jina ilibaki tena pembeni; utaratibu ulipelekwa Mbeya mjini, na mlima ukabaki mlima. Mikoa iliachiwa kwa kiasi kikubwa Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma, kilichoundwa kwa sheria ya 1980, kana kwamba kijiji na mji ni mitaala miwili. Chunya inakataa mgawanyo huo. Tumbaku ya Lupa Tingatinga, mifugo iliyotoka kanda ya ziwa, misitu inayokatwa kwa matimba na kwa mabani ya kukaushia tumbaku, dhahabu inayouzwa sokoni mjini na fedha yake kujenga nyumba Mbeya: hilo ni somo moja, na jina lake ni mkoa. Mwaka 2022 sensa ilihesabu Watanzania 61,741,120, na asilimia 34.9 waliishi mijini. Sehemu kubwa ya mji unaokuja haitakuwa Kinondoni wala Temeke. Itakuwa Makongolosi, Mkwajuni, Tunduma na nyingine zenye stendi kabla ya kuwa na ramani.

Shahada ya uzamili huchukua miaka miwili hivi, na mwaka wa pili ni wa utafiti. Duara linaloanza mwanafunzi anaposajiliwa Observation huenda likawa limefukiwa atakapotetea tasnifu yake. Leseni iliyo juu yake itakuwa imebakiza miaka mitano. Hati ya kiwanja cha jirani, kama ilitolewa kwa muda mfupi kuliko yote, miaka 31. Mtahini akimpa fursa, anaweza kuanza sura yake ya kwanza kwa jedwali hilo.